Mshono wa Kiuno Umepita Wapi

Tarehe 3 Februari

Mjukuu wangu Chiriku,

Mimi bibi yako ni mzima, goti moja tu ndilo limejifanya la mtu mwingine. Mama yako mzima, ila amegombana na mwenye saluni na sasa anajisuka mwenyewe, ukimwona usicheke. Mjomba wako dereva amerudi na lori na kikohozi. Lori amelipeleka kwa fundi, kikohozi amekataa kukipeleka popote.

Usiulize kwa nini naandika na simu ipo. Simu unaikata. Nikianza tu kukugombeza unasema mtandao, Bibi, mtandao. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho.

Jarida ulilotuma limefika. Nimelichana jalada na kulibandika ukutani juu ya wenzake, kwa gundi ya unga kama siku zote. Wateja wameshaanza kulinyooshea kidole. Sasa niambie, huyu wa safari hii ni nani? Naona kope ndefu kama ufagio, na pembeni maneno makubwa kwamba leo anatoboa yote. Atoboe nini? Amefanya nini? Zamani mtu akiwekwa mbele ya jarida, hata mimi niliyeishia darasa la nne nilijua sababu yake. Palikuwa na yule nesi aliyezalisha wanawake juu ya paa wakati wa mafuriko. Palikuwa na mkimbiaji, na yule mwalimu wa watoto wasiosikia. Huyu wako nimempa jina la Kope, maana nimemgeuza kila upande sijaona kazi yake.

Lakini gauni lake, hapo nanyamaza. Gauni hilo limeshonwa na mtu.

Binti wa Mama Dawa, yule mwenye duka la dawa pale kona, anaolewa mwezi ujao. Alisimama mbele ya Kope kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Akaniambia, "Bibi Mkasi, nataka hili. Si la kufanana na hili. Hili." Mama yake akauliza kama nitaliweza, maana siku hizi watu wanakimbilia mafundi wa cherehani za umeme. Nikamjibu kwamba mjukuu wangu ndiye anayepanga hayo majalada, ana ofisi yake na kiti cha kuzunguka, sasa mimi nitashindwa vipi? Waliokuwa barazani walisikia wote, na asiyesikia amesimuliwa.

Kuna jambo moja tu. Mshono wa kiuno umepita wapi? Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nimetazama kwa miwani na bila miwani. Kitambaa kinatoka kifuani mpaka magotini bila kukatwa, na kiuno kimebana kama shingo ya chupa. Kitambaa hakina tabia hiyo. Wewe ulikuwepo. Niambie umepita wapi, nikate.

Ni mimi bibi yako, niliyekuosha masikio.


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, hiki kina dirisha, ingawa linatazama ukuta. Mpe mama pole ya nywele. Mjomba mwambie asiposikia la Bibi atasikia la mganga wa hospitali.

Umeuliza Kope ni nani. Bibi, ni mtu anayefahamika. Najua utauliza anafahamika kwa lipi. Anafahamika tu. Watu wengi wanamtazama, na kwa kuwa wanamtazama wengi, wengine wanataka kujua kuna nini, basi nao wanatazama. Siku hizi ndivyo ilivyo. Wasichana wa umri wangu hawamtaki yule nesi, wanasema anachosha.

Kuhusu gauni, nakuomba umshauri bibi harusi achague mtindo mwingine. Umbo la Kope si la kila mtu. Halafu kitambaa chenyewe ni cha kuagizia, huko hakipatikani. Lile la vifungo la yule mwalimu, mbona lilikuwa linapendeza?

Kazi inakwenda. Kuhusu ofisi tutaongea nikija.

Mjukuu wako Chiriku.


Tarehe 2 Machi

Chiriku,

Nyumbani wazima. Kikohozi cha mjomba wako kizima kuliko yeye.

Nimekuuliza habari ya mshono umenijibu habari ya maumbo. Nimekuuliza kiuno umenipa nesi. Toka lini mtu anamwambia bibi yake kitambaa hakipatikani, kana kwamba huku tunavaa majani? Kimepatikana. Mama Dawa mwenyewe amekileta, cheupe, kinateleza mkononi kama samaki.

Mimi najua ulichotaka kusema. Ulitaka kusema Bibi amezeeka, hawezi, na ukaona haya kulisema. Afadhali ungelisema. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisema kila kitu, hata vya kuficha ulivitangaza barazani, ndiyo maana nikakuita Chiriku. Huko ulikokwenda wamekufunga mdomo kwa uzi gani?

Nimeshakata. Sikuweka mshono wa kiuno, kwa sababu kwenye picha haupo. Nimefuata picha.

Bibi yako.


Tarehe 28 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu. Wote hawajambo.

Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kuandika. Nimekaa ndani. Nikitaka maji namtuma mama yako.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda nimevaa vizuri na kukaa mbele, nilikaribishwa kama mtu mkubwa. Binti akaingia, watu wakasema ah. Hiyo ah niliisikia mpaka kwenye meno. Mama Dawa alinigeukia akatikisa kichwa kwa furaha. Basi binti akafika mbele ya babu yake, akainama kumsalimu.

Nguo ikatoa sauti. Wewe umekulia chini ya cherehani yangu, sauti hiyo unaijua. Ilianzia mgongoni ikashuka mpaka chini ya kiuno, na watu waliokaa nyuma yake waliona yote ya kuona. Kuna watoto walicheka. Shangazi yake akamvua mtu mmoja shuka la mabegani akamfunga nalo, na picha zote za harusi amepigwa amefungwa hilo shuka la maua ya zambarau, kama mgonjwa.

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Mama Dawa alinikuta uani. Afadhali angenitukana. Aliniambia kwa upole kabisa, "Bibi Mkasi, uzee si aibu. Aibu ni kutoujua."

Wale walioniachia vitambaa wamekuja kuvichukua mmoja mmoja. Wanasema ndugu amewaletea nguo tayari, au safari imeahirishwa. Watu wana adabu, hakuna aliyesema kweli. Nawakunjia kitambaa chao, nawapa, nawaambia karibu tena.

Nimechukua mikono yangu nikaitazama. Inaonekana ileile. Lakini inaelekea macho yangu yalishaondoka zamani na hayakuniaga.

Cherehani nimeifunika shuka. Yule anayepita na mkokoteni kununua vyuma chakavu nimemwambia aje.

Usitume jarida tena.

Bibi.


Tarehe 16 Aprili

Shikamoo Bibi yangu,

Nimeipata barua. Nimeisoma kazini, nikaenda kukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka wakaja kunitafuta.

Pole Bibi. Tafadhali usiuze cherehani. Mikono yako haina kosa, wala macho. Niamini. Huenda uzi ulikuwa mbovu, nyuzi za siku hizi unazijua. Huenda alinenepa kidogo baada ya kupimwa, maharusi wengine wanakula kwa wasiwasi.

Kuna jambo nataka kukueleza ila nataka nikueleze kwa mdomo. Likizo yangu bado. Nisubiri.

Mwambie mtu wa vyuma kwanza asije.

Chiriku.


Tarehe 5 Mei

Chiriku,

Mjomba wako amepona. Mama yako amepatana na mwenye saluni. Nimeanza na habari njema kwa sababu hakuna nyingine.

Usinihurumie. Huruma ya mjukuu inauma kuliko sindano ya cherehani. Uzi ulikuwa mzuri, niliuvuta mwenyewe kwa meno. Na binti hakunenepa. Alikonda. Mpaka sasa anakonda, mama yako amemwona dukani amekuwa kama fimbo ya kuanikia nguo, hata mezani inasemekana haketi na mumewe. Usimsingizie.

Mtu wa vyuma atakuja mwanzoni mwa mwezi ujao, mkokoteni wake umevunjika gurudumu. Kama una la kusema, kalamu unayo. Huwezi kulisema, basi niache nizeeke kwa utulivu.

Nimeanza kubandua ukuta, maana fundi asiyeshona wa nini na mitindo? Nimeloweka kwa maji ya moto, yanatoka mabamba mazito kama mkate mkavu. Alianza Kope, akatoka kirahisi. Chini yake wale wa wakati wako wa shule, wanaimba na kuuza mafuta ya uso. Chini yao wale wa wakati wa mama yako, waliovaa mabega makubwa kama milango, nikakumbuka jinsi mama yako alivyonililia nimshonee bega la hivyo kisha akakwama nalo kwenye dirisha la basi. Mwisho kabisa, nimegusana na ukuta, nikamkuta nesi wangu.

Nilikaa naye kwenye kigoda. Nilitaka kukuandikia kwamba enzi zetu tulimtundika mtu aliyefanya kitu, ninyi mnatundika mtu aliyetundikwa. Sentensi nilishaipanga. Halafu nikamtazama bega. Kuna kikunjo kwenye bega la kushoto la sare yake, kidogo, kinavuta kwenda nyuma. Kikunjo hicho hakitoki kwenye mshono. Nimeshona kola ya sare hiyo ujana wangu wote kwa kuiga picha hiyo na sijawahi kukiona.

Sijui ni nini. Nimekwambia macho yameondoka, labda yananitania.

Bibi.


Tarehe 22 Mei

Shikamoo Bibi,

Humu ndani kuna picha. Mwenzangu kazini aliipiga kwa simu yangu siku ile ya gauni jeupe nikaificha, picha kama hizi haziruhusiwi kutoka. Nilikwenda kuisafisha kwa mpiga picha wa mtaani ili uione vizuri.

Gauni lilikuwa dogo, Bibi. Lilikuja limeshashonwa, hakuna aliyempima Kope. Halikufunga. Zipu tuliiacha wazi mpaka chini, tukashika kingo kwa vibanio na utepe wa gundi, na mtu akakaa nyuma akivuta kitambaa ili mbele kinyooke. Mpiga picha akipiga, Kope anazuia pumzi. Mshono wa kiuno ulikuwepo. Waliufuta baadaye kwenye kompyuta, na kiuno chenyewe wakakipunguza pande zote mbili.

Kila jalada ni hivyo. Nimeacha hata kuliona kama jambo.

Anayevuta kitambaa ni mimi. Sina ofisi. Kiti cha kuzunguka kipo, ni cha kumketisha Kope wakati anapakwa poda. Uliponiuliza mshono umepita wapi, ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja. Lakini mstari huo ungeanza na mimi niko chini nimepiga magoti, na wewe ulikuwa umeshaitangazia baraza nzima. Nikaona bora useme nina kiburi. Sikujua utakata kwa kufuata picha.

Mwonyeshe Mama Dawa, ajue si uzee. Ila nakuomba kitu, Bibi. Nimo pale chini kona ya kulia. Nikate. Mkasi wako unakata nyoofu, hakuna atakayejua palikuwa na mtu. Watabaki kuona mgongo na vibanio, na inatosha.

Chiriku wako.


Tarehe 11 Juni

Mjukuu wangu Chiriku,

Mama yako mzima, mjomba wako mzima. Goti langu limerudi kwangu, namshukuru Mungu.

Bahasha niliifungua nimesimama, nikakaa. Nimeshona tangu sijaolewa, na najua sanamu za dirishani kule madukani hubanwa pini mgongoni ili nguo ikae. Kila fundi anajua. Lakini hazina pumzi wala mama. Sikuwahi kufikiri mtu mzima mwenye damu anaweza kusimamishwa hivyo akatabasamu. Nikachukua nesi wangu nikamtazama tena lile bega. Basi. Hata sare yake ilibanwa pini nyuma, ila sisi tulishona nguo pana, tukapona bila kujua. Mimi mwenye macho nimeambiwa tazama.

Kisha nikakutazama wewe. Kichwa kimeinama, pini zimejaa mdomoni, kilemba ni kile nilichokushonea kwa mabaki ya pazia. Nilikujua kwa sikio. Sitakuficha, niliona haya. Si haya ya kazi yako, kupiga magoti nyuma ya nguo ya mtu ni kazi yangu pia, nimepima pindo za watu wa kila namna. Haya yangu ni lile domo langu barazani, ofisi, kiti cha kuzunguka. Nilikutengenezea jalada wewe mwenyewe, nikakubana nyuma ili mbele unyooke, halafu nikakulaumu umenyamaza. Nani angesema na pini mdomoni?

Nikatoa mkasi. Nikaweka picha mezani, nikaweka chaki mahali pa kukata. Ungetoka vizuri, ni kona tu. Nimekata mashati ya maiti na kanzu za wenye tumbo, mkono haukuwahi kusita. Nimeshika mkasi mpaka chai ikapoa. Nikaufuta mstari wa chaki kwa kidole, nikavaa viatu.

Duka la Mama Dawa lilikuwa na watu. Angekuwa peke yake ningeshukuru, lakini hakuwa. Nikaweka picha juu ya kaunta. Akavaa miwani.

"Ndiye yule wa jalada?"

"Ndiye. Huo ni mgongo wake."

Aliisogeza kwenye mwanga. Akasema, "Na huyu hapa chini aliyepiga magoti?"

Nikamwambia atazame vizuri.

"Si Chiriku huyu? Wewe si ulisema ana ofisi?"

"Nilisema."

"Na kiti cha kuzunguka."

"Nilisema, Mama Dawa. Nimekuja unisikie nikisema tena: hana. Huyo ndiye mjukuu wangu na hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nilishona nguo ya uongo kwa sababu nilipenda mtaa unione nina mtu kule kwenye uongo. Uzee wangu naujua vizuri. Kisichojulikana kilikuwa kingine."

Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya mafua alikohoa kuficha kicheko. Nilimwacha, maana nilistahili. Masikio yangu yalikuwa ya moto kama pasi.

Sasa sikiliza hili. Binti alikuwa nyuma ya pazia pale wanapopanga maboksi. Amekuwa akishinda hapo kwa mama yake, hataki kutoka. Akaja akachukua picha mkononi. Alikuwa amekonda, Chiriku, mkono wake ungepita kwenye bangili ya mtoto. Akatazama ule mgongo ulio wazi, vibanio vimepangwa kama meno ya mamba, akakupita wewe bila kukuona. Akasema polepole, "Kumbe hata yeye halikumtosha."

Akarudia. Kumbe hata yeye.

Mama yake akamuuliza, "Kwani wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mimi. Fundi alishona sawasawa kama picha. Nikajua mwili wangu ndio mbaya."

Mimi siku zote hizo nadhani ni mikono yangu. Wewe unadhani ni magoti yako. Yeye anadhani ni mwili wake, amejinyima chakula tangu harusi. Watu watatu tumejifungia ndani kwa aibu ya nguo isiyomtosha mtu wa nne, na huyo wa nne yuko ukutani anacheka. Au na yeye amejifungia, sijui. Ukimwona tena Kope mwangalie vizuri anapovua.

Mama Dawa hakuniomba radhi, naye ana kichwa kigumu kama mimi. Alitoa mkate na mayai ya kuchemsha aliyojifungia kwa chakula chake cha mchana, akaviweka mbele ya binti, akageuka kuwahudumia watu. Binti akala yai moja. Nilijifanya nasoma maboksi.

Picha nimeibandika ukutani, nzima, pale nilipobandua. Nesi yuko upande mmoja na Kope nimemrudisha upande wa pili, ili mgongo wake uwe karibu naye. Wateja hawajarudi wote. Amekuja mmoja na pindo, mwingine na zipu ya suruali. Wanauliza, huyu aliyepiga magoti ni nani? Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Sasa nasema ni mjukuu wangu, yuko kazini. Aibu bado ipo, usidhani imekwisha, lakini imekuwa kama goti langu, natembea nayo.

Mtu wa vyuma alikuja. Nilimpa chai, akaenda zake na mkokoteni mtupu, akininung'unikia.

Mwisho. Umekaa vibaya kwenye ile picha. Umepiga magoti juu ya saruji tupu, na unajua kwetu magoti ni ya kurithi. Humu ndani ya kifurushi kuna mto. Nimeushona kwa mabaki ya kile kitambaa cheupe, nimeujaza pamba mpaka umegoma. Uweke chini, upigie magoti. Wakikuuliza umetoka wapi, waambie.

Mshono wake usiutafute. Nimeupitisha nje, kwa uzi mwekundu, kila mtu auone.

Bibi yako, Mkasi.